Ampu gani itaziweza KEF LS50? Niko Njiro, Arusha

chalii_wa_njiro
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada nimekwama. Bamdogo karudi kutoka Uingereza kaniletea spika KEF LS50, zile ndogo zenye koni ya rangi ya shaba katikati, zawadi ambayo sikuitegemea kabisa. Shida ni ampu, yaani mashine ya kukuza sauti. Nimezifunga kwenye risiva ya homu thieta ya sebuleni, sauti ya chini iko safi mpaka unasikia mwimbaji akivuta pumzi, ila nikipandisha kidogo tu inakata, taa nyekundu inawaka, inabidi nizime nisubiri ndo irudi. Na boksi lake limeandikwa wati 1000! Jamaa wa vyombo vya harusi anasema ninunue ampu ya ukumbini, mwingine anasema wati 40 zinatosha. Nakaa kama mita 3 kutoka kwenye spika, nasikiliza rumba la zamani na kwaya. Nimsikilize nani?

fundi_rau
Mangi achana na boksi. Hizo wati 1000 ni za kujumlisha chaneli zote, mara nyingi wanapima chaneli moja ikiwa peke yake na sauti imeshaanza kukwaruza. Angalia omu, yaani spika inavyozuia umeme; ikishuka, spika inavuta umeme mwingi zaidi. LS50 imeandikwa omu 8 lakini kuna sehemu ya mziki inashuka mpaka 3.2, hapo inadai umeme mwingi kwa mpigo, risiva ikishindwa inajilinda, ndo hiyo taa nyekundu. Soma nyuma kwenye matundu ya waya za spika imeandikwa omu ngapi.

Tafuta ampu ya stereo iliyoandikwa wati za omu 8 na za omu 4. Kama omu 8 ni 60 na omu 4 inakaribia 120, jua transfoma ya ndani ni ya maana. Wakiificha ya omu 4 mimi huwa siinunui.

Alafu hizo spika ni ngumu kusukuma, wati 1 inakupa desibeli 85 (kipimo cha ukubwa wa sauti) ukiwa mita 1, na kila ukitaka desibeli 3 zaidi unazidisha wati mara mbili, kwa iyo wati 2 ni desibeli 88, wati 4 ni 91, ukifika wati 32 ndo unapata 100. Ndo maana wati 80 na wati 100 sikio lako halitaona tofauti ya maana. KEF wenyewe wanasema ampu ya wati 25 mpaka 100.

mama_wa_kwaya
Namuunga mkono fundi. Ampu ya NAD 3020 ya mwaka 1978 iliandikwa wati 20 tu na ilisifika kwa kusukuma spika ngumu, kwa hiyo 40 za kweli si mbaya mdogo wangu. Ila mimi tuita zangu, vile vispika vya sauti nyembamba, ziliungua kwa ampu ndogo, sio kubwa, Krismasi wageni wamejaa nikapandisha mpaka inapasuka nikaiacha hivyo hivyo usiku kucha, iliniuma sana. Ukisikia inakwaruza shusha hapo hapo. Ya ukumbini usichukue, feni yake utaisikia kwaya ikiimba taratibu. Na kama chini ni marumaru tupu tandika zulia kwanza mwangwi upungue, utashangaa.

fundi_rau
Na ukichukua ya mtumba soma volti nyuma kabla hujachomeka!! Ya Japani ni 100, ya Marekani 120, umeme wetu 230. Naletewa nyingi zimeshaungua kwa hilo tu.

chalii_wa_njiro
Asanteni sana. Nimesoma nyuma ya risiva, omu 6 mpaka 16, kumbe nilikuwa naitesa. Kuna stereo ya mtumba nimeiona mjini, volti 230, wati 80 kwa omu 8 na 130 kwa omu 4, kuinyanyua kwa mkono mmoja nimeshindwa. Jumamosi naenda na spika zangu tuifunge pale pale dukani nisikilize kabla sijatoa hela.