Wamarekani walitokaje kwenye kugombana na kodi mpaka kumkataa mfalme?

Binti_Pwani:
Wakuu habari za jioni. Mdogo wangu kaniuliza swali jana nikabaki namtolea macho. Makoloni 13 ya Amerika walianza kwa kulalamikia kodi za Muingereza, sawa, lakini kodi watu wanalalamikia kila siku na hawaanzishi nchi, sasa hawa ilikuwaje? Naombeni msinitupie tarehe tupu.

Kalamu_Nyekundu:
Dada anzia 1763, Muingereza kamshinda Mfaransa kwenye vita ya miaka saba ila kabaki na madeni kibao, akaona na wa makoloni wachangie. 1765 ikaja sheria ya stempu, yaani gazeti, mkataba, leseni, mpaka karata za kuchezea lazima zigongwe stempu na unailipia. Sasa angalia nani kaguswa, mawakili, wachapaji na wafanyabiashara, wale wale wenye midomo! Wakagomea bidhaa za Uingereza, bunge la London likaifuta 1766, lakini siku ile ile likapitisha sheria kwamba lina mamlaka juu yao kwa jambo lolote lile. Hapo ndo pa kumwonyesha dogo. Hela haikuwa ishu sana, ishu ni nani kakupa haki ya kunitoza wakati humo bungeni sina mtu.

Mvuvi wa Bara:
Nakazia hapo. Chai ya 1773 ilishushwa bei kabisa, kampuni ya East India iliruhusiwa kuipeleka moja kwa moja, ila kodi ya peni 3 kwa ratili ikabaki. Watu wakaikataa hivyo hivyo na urahisi wake. Usiku wa Desemba 16 pale Boston wakapanda meli tatu na mashoka, wanapasua kasha wanamwaga majini, makasha 342, na aliyejaribu kujichotea mfukoni wenzake walimkamata. London ikajibu kwa kuifunga bandari ya Boston mpaka chai ilipwe na ikabana serikali ya koloni lao la Massachusetts, na mimi naona hilo ndo kosa lenyewe, maana makoloni mengine yalikuwa yanavutana kwa mambo yao, sasa kila mmoja akajiuliza leo Boston, kesho nani? Septemba 1774 wajumbe wa makoloni 12 wakakaa kikao Philadelphia.

Binti_Pwani:
Asanteni sana. Kwa hiyo hapo wakatangaza uhuru?

Kalamu_Nyekundu:
Bado! Risasi zimeshalia Lexington, kule kule Massachusetts, Aprili 1775, watu wamekufa, na Julai bado wanamwandikia mfalme George III kumbembeleza. Akakataa kuipokea barua, akawatangaza waasi. Wengi walikuwa wanaamini mbaya ni bunge, mfalme atawasikia. Januari 1776 Thomas Paine akatoa kijitabu kwa lugha ya mtu wa kawaida akimshambulia mfalme mwenyewe, Julai wakajitangazia uhuru. Kuupata ni kazi nyingine, walishinda vita ya Saratoga 1777 ndo Ufaransa ikaingia mwaka uliofuata, na pale Yorktown 1781 jenerali wa Muingereza, Cornwallis, alikwama kwa sababu manowari za Kifaransa zilimzibia bahari. Mkataba ukasainiwa Paris 1783.

Mama Wawili:
Mwambie mdogo wako na hili, linaniuma kila nikilisoma. Kila watu watano kwenye hayo makoloni mmoja alikuwa mtumwa. Novemba 1775 gavana wa mfalme kule Virginia, Lord Dunmore, alitangaza kwamba mtumwa wa muasi akija kushika bunduki upande wake yuko huru, na mamia wakakimbilia kwake. Yaani kwao uhuru ulikuwa kwenye kambi ya Muingereza. Waliobaki kule kusini, watoto na wajukuu zao walingoja mpaka utumwa ulipofutwa 1865.