Bulabo Bujora: tarehe, Bagika na Bagalu, na ngoma zinazolegea asubuhi

Mpini_Mrefu
Wakuu, ng'wangaluka. Kuna kikundi kipya cha bugobogobo, ngoma ya majembe, hapa Igoma, wachezaji 14 na ngoma 3 za ngozi, kinataka kujiandaa kwa Bulabo, ile sikukuu ya Wasukuma ya Misa na mashindano ya ngoma pale Bujora, Mwanza. Naomba wenye uelewa mnisaidie. Tarehe inapangwaje, maana kila mwaka naona inahama? Mshindi anapatikanaje kama Bagika na Bagalu, zile pande mbili zinazoshindana, wanacheza kwa wakati mmoja? Na hizi ngoma: asubuhi zinalia kama debe lililojaa mchanga, saa saba zinakaza mpaka unaogopa kuzigusa. Kosa liko wapi?

Kisesa_Juu
Nianze na tarehe. Bulabo imefungwa kwenye Sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo, na sherehe hiyo inafuata Pasaka. Hesabu siku 60 baada ya Jumapili ya Pasaka, unafika Alhamisi ya Ekaristi. Parokia nyingi huisogeza hadi Jumapili inayofuata, yaani siku 63. Mwaka 2026 Pasaka ni 5 Aprili, kwa hiyo Alhamisi ni 4 Juni na Jumapili ni 7 Juni. Watu wamezoea kusema "Bulabo ni Juni", lakini mwaka 2027 Pasaka inawahi, 28 Machi, na Jumapili ya Ekaristi inaangukia 30 Mei. Mkishika Juni kichwani mtafika uwanja umeshafagiliwa. Ratiba ya ngoma zenyewe muulizeni kituo cha Bujora moja kwa moja, kwa kuwa siku za mashindano si lazima ziwe ile siku ya Misa peke yake.

Jina lenyewe ni maua. Bulabo kwa Kisukuma ni maua, yale yanayotupwa njiani Sakramenti inapopita kwenye maandamano. Kwa hiyo utaratibu ni Misa na maandamano kwanza, mashindano baadaye. Kikundi kinachoanza kupasha ngoma na kupiga filimbi wakati maandamano bado yanazunguka kinajipotezea heshima kabla hakijacheza.

Nyanguge_Njia_Panda
Hapo kwenye asili nina nyongeza, kwa sababu kuna wanaosema Bulabo ni ya tangu enzi za watemi. Mashindano ndiyo ya zamani, Bulabo si ya zamani hivyo. Bagika na Bagalu wanatokana na mafundi wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, waliotaka kujua nani ana dawa kali zaidi ya kuvuta watu. Wafuasi wa Ngika ni Bagika, wa Gumha ni Bagalu. Sikukuu ya Bujora ilikuja miaka ya 1950 na Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada ambaye Wasukuma walimwita Fumbuka. Aliona watu wakimiminika kwenye ngoma baada ya mavuno, akaziingiza kwenye sikukuu ya Ekaristi badala ya kuzipiga vita. Ukiingia kanisani pale utaona jinsi alivyofikiri: tabernakulo, kile kisanduku cha kuhifadhia Ekaristi, ina umbo la nyumba ya Kisukuma, na mlangoni mwake kuna ngao na mikuki.

Halafu msichanganye Bulabo na ile shughuli ya 8 Septemba 2021 hapo Kisesa, Rais Samia aliposimikwa kuwa Chifu Hangaya. Lile lilikuwa tamasha jingine.

Sasa mshindi. Kwa mila hakuna karatasi ya alama. Pande mbili zinacheza kwa wakati mmoja, viwanja vikiwa karibu kiasi kwamba mtazamaji anaweza kuhama kwa hatua chache. Upande wenye watu wengi zaidi ndio umeshinda, basi. Waandaaji wakiamua kuweka majaji, ulizeni vigezo mapema, ila hata hapo jaji naye ana macho, anaona watu wanakimbilia wapi.

Ukishaelewa hilo, mengine yote yanajieleza. Ndiyo maana kuna samba, dawa ya mvuto. Ndiyo maana chatu anatolewa kwenye gunia, na fisi analetwa akiwa amefungwa kamba. Ndiyo maana ningi, yule mtunzi na mwimbaji, anaheshimiwa kuliko mchezaji hodari: wimbo wake wa kuwachoma wapinzani ndio unaomfanya mtu wa uwanja wa pili ageuze shingo. Akishageuza shingo, miguu inafuata.

Manju_Mstaafu
Vijana wengi wanapoteza watu kwa kosa moja: wanamaliza utamu wote dakika 20 za mwanzo. Jembe limerushwa, limezungushwa, limepokelewa kwa mgongo, mtazamaji hana tena cha kusubiri. Anzeni kwa mstari na mdundo wa kulimia, wa polepole, jembe likishuka pamoja na ngoma kubwa. Bugobogobo ilitoka shambani, mdundo ndio uliowapanga wakulima, na mtazamaji wa Kisukuma anajua kulima. Mkiinua jembe bila kupatana na ngoma atacheka, ataondoka. Mirusho mikubwa wekeni kwa ajili ya ule wakati upande wa pili unapumua.

La pili ni ukimya. Wapiga ngoma 3 bila akiba ni hatari. Mmoja akienda kunywa maji kuna shimo kwenye mdundo, na shimo la nusu dakika linatosha watu kuhama. Wekeni wapigaji 5 kwa ngoma 3, wapokezane fimbo bila kukatisha.

Majembe: mpini ukikauka kwa jua la kiangazi unasinyaa ndani ya tundu, na jembe likirushwa linachomoka. Hilo ni jambo la kuua mtu. Wengine wanaloweka mpini usiku ili uvimbe. Inasaidia asubuhi tu, ikifika saa nane umekauka tena. Gongeni kabari ya mti mgumu, kisha kila mchezaji apige kichwa cha mpini chini mara tatu kabla ya kuingia uwanjani. Makali yaondolewe kwa tupa mpaka ukipitisha kidole hukwaruziki. Kati ya mchezaji na mchezaji acheni mita 2, na watazamaji wasikae mbele ya mstari wa kurushia. Watoto hupenda kukaa hapohapo.

Ngozi_na_Mambo
Ngoma zako hazina kosa mkuu, ni hewa ya ziwa. Usiku ngozi inanyonya unyevu na kulegea, mchana inakauka na kujivuta. Kosa ni kuzikaza kamba asubuhi ili zilie. Ikifika saa saba jua linaongeza mkazo juu ya mkazo wako, ngozi inapasuka ukingoni, kwenye matundu ya kamba. Kamba ziacheni zilivyo. Asubuhi washeni moto wa nyasi kavu, ngoma ilale ubavu, uso wa ngozi uelekee moto kwa umbali wa hatua moja. Igeuze kila baada ya dakika moja na uigonge kwa kiganja katikati, kisha pembeni. Sauti zikitofautiana wazi, katikati nzito na pembeni kali, ondoa. Ukisikia harufu ya nywele kuungua umeshachelewa. Mchana muweke ngoma kivulini chini ya mwembe, na ikikaza mno ipanguse kwa kitambaa chenye maji kilichokamuliwa vizuri, usiimwagie.

Mpini_Mrefu
Shukrani sana wazee. Kuna kijana anapendekeza tuazime chatu. Mnasemaje?

Nyanguge_Njia_Panda
Mwacheni. Kwanza, kukaa na mnyamapori hai bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009. Pili, chatu ana wenyewe, waliofundishwa kumshika. Hana sumu lakini ana meno, na meno yamepinda kwenda ndani: ukivuta mkono ndiyo unachana. Akiwa amekula siku mbili hizi, mkimbebabeba atatapika mzoga mbele ya watu. Akiachwa juani kwenye gunia anakufa kwa joto. Halafu nyinyi ni watu wa jembe. Watu wa nyoka wakija na chatu wao, chenu kitaonekana cha kuazima, kwa sababu ni cha kuazima.

Manju_Mstaafu
Pesa ya chatu nunueni njuga. Miguu 28 yenye njuga ikitua pamoja inasikika hadi barabara ya Musoma. Zifungeni juu ya kitambaa, la sivyo chuma kitachubua shavu la mguu kabla ya jioni.