Laptopu ya Core 2 Duo, RAM GB 2: nipige Linux gani isigande?

Sauti_ya_Feni
Wakuu habari zenu. Kuna laptopu ya zamani mtu alikuwa anataka kuitupa nikaidaka, kioo kizima, kibodi nzima, betri ndo imekufa kabisa kwa hiyo inaishi kwenye umeme tu. Prosesa ni Core 2 Duo, RAM GB 2, hadi diski ya kawaida GB 160. Ilikuja na Windows 7 ambayo ilikuwa inawaka kwa manung'uniko, nikaona bora niipige Linux. Jamaa akaniambia mashine kuukuu zote ni biti 32, basi nikashusha Debian 12 (aina mojawapo ya Linux) ya biti 32 yenye LXDE (madirisha na menyu nyepesi), imeingia vizuri tu sina neno.

Sasa balaa lilipo, Chrome haikubali kabisa kuingia, wifi haipo, yani sio kwamba inakataa nywila, HAIPO, halafu nikifungua kurasa tatu nne kwenye brauza kila kitu kinaganda mpaka kimshale cha mausi. Nikisoma mitandaoni kila mtu ana distro yake, yani aina yake ya Linux, anayoipigia debe, mara Puppy, mara Lubuntu, mara Bodhi, nimechoka. Mi nataka kuandika, kusoma PDF, barua pepe na YouTube kidogo. Nipige ipi?

Kerneli_Panya
Mkuu usibadili distro kwanza, aliyekwambia kuukuu maana yake biti 32 kakupoteza. Core 2 Duo zote ni biti 64 tangu zilipotoka 2006. Za biti 32 ni zile Core Duo bila hiyo 2, Pentium M, na Atom za mwanzo kama N270 za kwenye vilaptopu vile vidogo. Fungua terminali andika `lscpu`, angalia mstari wa CPU op-mode, ukiona 32-bit na 64-bit zote mbili basi inabeba, na itakuonyesha hivyo hata kama mfumo uliopiga ni wa biti 32.

Na Chrome wala usihangaike nayo hapo ulipo, Linux ya biti 32 waliitupa tangu 2016. Firefox nao wamefuata, kuanzia toleo la 145 hakuna tena biti 32 kwa Linux. Debian yenyewe toleo la 13 lililotoka Agosti 2025 halina kerneli (kiini cha mfumo) wala kisakinishi cha biti 32. Kwa hiyo ukibaki huko unabaki kwenye chumba ambacho watu wanazima taa wanaondoka. Piga Debian 13 ya biti 64, mafaili yake yameandikwa amd64, usiogope hilo jina hata kama prosesa yako ni ya Intel ni hiyo hiyo.

mla_RAM
Kerneli_Panya sikatai ila kumbuka ana GB 2 tu, programu za biti 64 zinakula RAM zaidi, hilo lipo na watu wengi waliokaa na biti 32 kwenye mashine ndogo walikuwa na sababu

Kerneli_Panya
Lipo ndio, ila tofauti yake haifiki alichokipata yeye. Kinachommaliza ni brauza, sio mfumo. LXDE au LXQt ikishawaka bila kufungua kitu inakula MB mia kadhaa tu, fungua Firefox na kurasa tatu nzito uone zile GB 2 zinavyoyeyuka. Hapo kerneli inaanza kuhamishia vitu kwenye swapu, yani nafasi ya kusaidia RAM ikijaa, na swapu iko kwenye hadi diski inayozunguka, ndo maana hadi kimshale kinasimama. Hata akipiga hiyo Puppy, ikishawaka ni raha, akifungua brauza ile ile na kurasa zile zile anarudi pale pale.

Bibi_wa_Bisibisi
Naona mnabishana biti wakati mashine inalia diski. Mwanangu sikiliza, kama una uwezo wa kubadili kitu kimoja tu, toa hiyo hadi diski weka SSD ya SATA (njia ya kuunganishia diski) ya inchi 2.5, inaingia pale pale, kwa mashine nyingi ni skrubu mbili tatu kwa chini. Watu husema SATA ya zamani itaibana SSD, ni kweli itaibana, SATA ya pili inaishia kama MB 300 kwa sekunde, lakini uzito wa mashine kuukuu hautokani na kusoma faili moja kubwa, unatokana na kusoma vifaili elfu vidogo vilivyotawanyika, na hapo hadi diski inapoteza muda kuhamisha kichwa huku na huku wakati SSD haina kichwa cha kuhamisha.

RAM nayo ongeza ila chunguza kwanza, maana kuna ubao-mama wa wakati huo wenye chipu za familia ya Intel 945, hata uchomeke GB 4 itaona 3 na kitu tu hata kama prosesa ni ya biti 64. Na angalia ni DDR2 au DDR3, tundu zao haziingiliani, usilazimishe.

Halafu kabla hujaweka chochote piga `sudo smartctl -a /dev/sda` uone hiyo diski iliyopo, ukikuta Reallocated_Sector_Ct (idadi ya sehemu mbovu zilizohamishwa) inapanda panda, hiyo diski ni ya kuagwa, usiweke kazi zako humo.

Sauti_ya_Feni
Shkamoo Bibi 😄 asante. Nimeangalia lscpu kweli inasema zote mbili. SSD nitatafuta, RAM naona imeandikwa DDR2 kwenye kibandiko. Na ile wifi je? Nisije nikapiga upya halafu bado haipo.

waya_mrefu
Wifi hiyo ukiiona haipo kabisa mara nyingi kadi ni nzima, ila inasubiri famuwea, kile kiprogramu kidogo kinachopakiwa ndani ya kadi kila mashine inapowaka. Andika `lspci -nn | grep -i network` utuletee jina. Kadi za Intel na Atheros kwa kawaida hazina maneno, tangu Debian 12 famuwea nyingi zinakuja ndani ya kisakinishi chenyewe. Zinazosumbua ni baadhi ya Broadcom za zamani, zile zinazotumia draiva ya b43, kwa sababu famuwea yake hairuhusiwi kusambazwa na mtu mwingine, kwa hiyo Debian haiwezi kukuwekea, inabidi ishushwe na mashine yako yenyewe. Sasa unaona mkasa, unahitaji intaneti ili upate intaneti.

Dawa: chomeka simu kwa waya wa USB, washa kushea intaneti kwa USB kwenye simu, laptopu itaiona kama kadi ya mtandao bila kuweka chochote. Kisha uhakikishe contrib (fungu la programu za ziada) ipo kwenye sources, ile orodha ya apt ya mahali pa kuchukua programu, halafu `sudo apt update` na `sudo apt install firmware-b43-installer`, zima washa. Ila usiikimbilie hiyo kabla hujajua kadi yako ni ipi, kila chipu na draiva yake.

Na betri ndogo ya kwenye ubao, ile ya saa, kwa umri huo inaweza kuwa imekufa. Ukiona apt inalalamika kwamba Release file is not valid yet, au brauza inakataa kila tovuti kwa sababu ya cheti, angalia tarehe kwanza kabla hujamlaumu mtu, utakuta mashine inadhani tuko 2008.

Sauti_ya_Feni
Nimepiga amd64 na LXQt. Ikawa kioo cheusi baada ya menyu ya kwanza, nusura niipigize ukutani, nikakumbuka nimesoma mahali neno nomodeset nikaongeza ikawaka. Wifi ndo ilikuwa ile ya b43 kama ulivyohisi waya_mrefu, simu kwa USB ikamaliza kazi. Sasa imebaki YouTube inakatakata na kuganda bado kupo kidogo.

Kerneli_Panya
Hiyo nomodeset isiwe ya kudumu, inazima draiva halisi ya grafiki na prosesa inachora kila kitu yenyewe, YouTube lazima ikatekate. Ukishaapdeti mfumo, kwenye menyu ya GRUB, ile ya kwanza mashine inapowaka, bonyeza e, ifute kwenye mstari unaoanza na linux, bonyeza F10 ujaribu kuwaka bila hiyo. Ikiwaka, kaitoe na kwenye /etc/default/grub kisha `sudo update-grub`. Ikigoma sema grafiki ni ya nani, maana Nvidia za enzi hizo zina mambo yake.

YouTube yenyewe inakupa video za VP9 au AV1, mitindo mipya ya kubana video, grafiki ya umri huo haizijui, kwa hiyo mzigo wote unaangukia prosesa. Weka kiongezi cha h264ify kwenye Firefox kiilazimishe itume H.264, na kaa 480p, kwa kioo hicho hutaona tofauti ya maana.

Kuganda weka zram: `sudo apt install zram-tools`, fungua /etc/default/zramswap, PERCENT weka 50, hifadhi, `sudo systemctl restart zramswap`. Inafanya swapu ndani ya RAM yenyewe kwa kuibana, prosesa inafanya kazi kidogo zaidi ila diski inapumua.

mla_RAM
na uBlock Origin, kiongezi cha kuzuia matangazo, maana matangazo ndo yanakula RAM kuliko makala yenyewe

Sauti_ya_Feni
Bila nomodeset imewaka, grafiki ni ya Intel. zram ipo, uBlock ipo, kurasa tano zimefunguka na kimshale kinatembea. 480p haikatiki ila feni inapiga kelele kama inataka kuruka.

Bibi_wa_Bisibisi
Ukiifungua kuweka SSD, puliza vumbi na ubadilishe ile pesti ya juu ya prosesa, itakuwa imekauka. Feni ishikilie kwa kidole isizunguke wakati unapuliza.