Geji ya joto inapanda injini ikiwa baridi

Swali: Wakuu, geji ya joto ya injini ya dizeli kwenye mashua yangu ya tanga hupanda hadi mwisho mara tu ninapowasha swichi, ingawa injini bado ni baridi kabisa. Je, kibovu ni geji au sensa?

Jibu: Chomoa waya kwenye sensa, kisha uwashe swichi. Mshale ukishuka, sensa ndiyo mbovu. Ukibaki juu, chomoa waya huohuo nyuma ya geji, na ukishuka hapo, basi waya umechubuka na unagusa chuma njiani.

Jibu: Mimi ningeanza na waya, maana chumvi haina huruma.

Muulizaji: Ni kweli, umechubuka chini ya kibano, na shaba imeota kutu ya kijani.