Kurekodi piano nyumbani: tundu la hedfoni, MIDI, maiki au simu?

Upepo_wa_Kusi

Wakuu, habari za leo. Naomba tulinganishe njia za kurekodi piano nyumbani kwa vifaa vinavyotajwa kwa majina. Vilivyopo: piano ya kidijitali Yamaha P-45, piano ya wima ya nyuzi ambayo ilityuniwa mara ya mwisho kabla ya masika, laptop ya Windows yenye RAM ya GB 8, na simu ya Android. Nyumba iko Tanga. Sebule ina vigae chini na dirisha kubwa linalotazama barabara.

Kazi zenyewe ni mbili: video ya mtihani wa Performance Grades wa ABRSM (bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza), na vipande vya kuweka YouTube. Njia ninazozijua ni nne: waya kutoka tundu la hedfoni, MIDI (taarifa za noti, bila sauti) kwa USB, maiki kwenye piano ya wima, au simu peke yake. Ipi kwa kazi ipi, na kila moja inaharibikia wapi?

FundiNyaya

Anza na tundu la hedfoni la P-45. Ndiyo njia yenye matatizo machache kwa chumba kama chako, maana bodaboda, jogoo na mvua ya mabati haviingii kwenye waya.

P-45 haina matundu ya laini ya kutolea sauti, kwa hiyo la hedfoni ndilo unalo. Unahitaji kebo ya Y: upande mmoja jeki ya stereo ya milimita 6.35, upande wa pili jeki mbili za mono za ukubwa huohuo, moja ya kushoto na moja ya kulia. Hizo mbili zinaingia kwenye kadi ya sauti ya USB, kifaa cha kuingizia sauti kwenye kompyuta, yenye pembejeo mbili za laini.

Hapo kwenye "mbili za laini" ndipo pesa nyingi zinapopotea. Behringer UM2 na UMC22 zina matundu mawili, lakini la pili ni la gitaa. Focusrite Scarlett Solo nayo ina tundu moja tu la jeki, lile jingine ni la maiki. Ukitaka stereo halisi ya piano, chukua Behringer UMC202HD au Scarlett 2i2. Zote mbili zina pembejeo mbili zinazofanana, na baadaye zitakubali maiki mbili ukiamua kurekodi piano ya wima.

Mpangilio: pembejeo zote mbili ziwe kwenye laini, zisiwe kwenye gitaa. Volti 48 (umeme wa kuendesha maiki za kondensa) zimezimwa. Sauti ya piano iweke robo tatu. Piga sehemu yenye kelele kuliko zote katika kipande chako, kwa nguvu utakayotumia kweli, kisha pandisha geini (ukuzaji wa sauti kwenye kadi) mpaka kilele kifike kati ya −12 na −8 dB. Rekodi kwa biti 24, kHz 48. Kwa biti 24 huna sababu ya kusogea karibu na sifuri, ambapo sauti hupasuka. Ikipasuka hata geini ikiwa chini kabisa, shusha sauti kwenye piano yenyewe.

Kosa la kawaida kabisa: mtu anachukua kebo ya stereo yenye jeki moja kila upande na kuichomeka kwenye pembejeo moja ya kadi. Pembejeo hiyo imetengenezwa kusoma tofauti kati ya ncha ya jeki na pete yake. Ikiletewa kushoto kwenye ncha na kulia kwenye pete, inatoa kimoja kutoka kingine, na chochote kilichokuwa katikati kinafutika. Utasikia piano nyembamba, tupu, kama iko ndani ya mtungi. Piano haina ubaya wowote, ni kebo.

Mwl_Solfa

FundiNyaya yuko sahihi juu ya nyaya, ila sauti utakayopata ni ya P-45, na hiyo ina kikomo. Polifonia yake, yaani noti zinazoweza kulia kwa pamoja, ni 64, na ukishika pedali kwenye arpejio ndefu noti za mwanzo zinaanza kukatwa. Kwa YouTube mimi naitetea MIDI.

Kebo ni ile ya printa, USB ya mraba upande wa piano. Kinachopita humo ni taarifa: noti gani, imepigwa kwa nguvu gani kati ya 1 na 127, imeachiwa lini, pedali iko wapi. Sauti inatengenezwa na programu. Pianoteq huikokotoa kwa hesabu, kwa hiyo ni nyepesi kwa diski na inafaa RAM ya GB 8. Ya bure iliyo nzuri ni Salamander Grand Piano, sampuli za Yamaha C5 zenye tabaka 16 za nguvu. Toleo lake la SFZ (aina ya faili za sampuli) linafunguka ndani ya Sforzando, programu ya kuzipigia ambayo nayo ni ya bure. Rekodi kwa Reaper, programu ya kurekodi yenye siku 60 za kujaribu. Audacity hairekodi MIDI, usipoteze jioni nzima kuitafutia kitufe.

Wengi wanaikimbia MIDI kwa sababu ya sauti kuchelewa. Kwa bafa (akiba ndogo ya sauti ambayo kompyuta huijaza kabla ya kuitoa) ya sampuli 128 kwenye kHz 44.1, bafa yenyewe ni milisekunde 2.9, kwa 512 ni 11.6. Lakini draiva ya kawaida ya Windows bila ASIO (aina ya draiva ya sauti isiyochelewesha) inaweza kukuongezea kuchelewa mpaka kidole na sauti viachane kabisa. Sakinisha draiva ya ASIO ya kadi yako, au ASIO4ALL kama huna kadi.

Njia nyingine, ambayo naipenda zaidi: usisikilize programu wakati wa kupiga. Sikiliza P-45 yenyewe kwa hedfoni zilizochomekwa kwenye piano, zima sauti ya traki kwenye Reaper, rekodi MIDI tu. Ukimaliza ndipo unaweka piano ya programu na kuitoa kama WAV. Kuchelewa kunakuwa hakuna maana tena, na laptop dhaifu inachukua muda wake bila kukatakata sauti.

Gharama yake ni hii: umepiga ukiongozwa na sauti ya piano moja, inasikika nyingine. Pianisimo iliyokuwa laini kwenye P-45 inaweza kutoka kavu, au forte ikatoka ya kupiga mayowe. Rekebisha mkunjo wa velositi (jinsi programu inavyogeuza nguvu ya kidole kuwa sauti) ndani ya programu kwanza. Piga skeli moja kutoka laini hadi nguvu, angalia namba. Kama forte yako haivuki 95, nyoosha mkunjo huo kabla ya kugusa ekwalaiza.

Pedali ndogo ya kuwasha na kuzima inayokuja na piano hutuma 0 au 127 basi. Ukiinua nusu haitajua. Yamaha FC3A inatuma hatua za katikati, na kwa muziki wenye pedali nyingi tofauti yake inasikika kuliko kubadilisha programu.

Upepo_wa_Kusi

Shukrani sana, Mwalimu. Kebo hiyohiyo ya USB haiwezi kuleta sauti yenyewe ya piano?

Mwl_Solfa

Kwa P-45 hapana, ni MIDI peke yake. P-125 na Roland FP-30X zinapitisha sauti kwa USB, hizo hazihitaji kadi kabisa. Ukiwa na P-45 na unataka kusikia programu moja kwa moja, zima Local Control (mpangilio unaofanya vitufe vitoe sauti ya piano yenyewe) kwenye piano, vinginevyo utasikia piano mbili zinafukuzana.

BiNyundo

Naona hakuna aliyegusa piano ya wima, na ndiyo yenye sauti ambayo hizo nyingine zote zinaiga. Lakini niseme wazi: iliyotyuniwa kabla ya masika, hapo Tanga, usiirekodi bado. Unyevu ukipanda ubao wa sauti unavimba, katikati ya kinanda nyuzi zinapanda kuliko pembeni, na noti zenye nyuzi tatu zinaanza kuyumba. Maiki haisamehi hilo. Mwite fundi baada ya unyevu wa chumba kutulia, kisha rekodi ndani ya wiki moja au mbili. Kipimo cha unyevu kiwekwe karibu na piano. Kukaa palepale ni muhimu kuliko namba yenyewe, ingawa 45 hadi 55 kwa mia ndiyo nzuri. Kiyoyozi cha kuwasha na kuzima kila siku ni kibaya kuliko kutokuwa nacho.

Kabla ya maiki, winda mitetemo. Kanyaga pedali ya kulia na upige noti moja moja kwa nguvu, kutoka chini hadi juu, ukimpa mtu mwingine kazi ya kutembea chumbani na kusikiliza. Fremu za picha, vioo vya kabati, bawaba za mfuniko, hata sarafu iliyoangukia ndani: kila kimoja kina noti yake kinachoitikia. Pedali ikilia, tafuta mahali vipande viwili vinaposuguana, safisha, paka grafiti ya penseli. Usipulizie mafuta ya kopo ndani ya piano.

Sasa mahali pa maiki. Fungua mfuniko wa juu. Ndani, kushoto na kulia, kuna vikomeo viwili vinavyoshika ubao wa mbele. Vifungue, uegemeze ubao kwako, uuinue na kuutoa. Utaziona nyundo zote. Weka maiki mbili za kondensa zinazolingana, juu ya ukingo kwa sentimita 20 hadi 30, zimeachana sentimita 60 hivi, moja ikitazama besi na nyingine noti za juu. Zikikaa karibu zaidi utasikia mbao na nyundo kuliko nyuzi. Maiki kama Rode M5 zinatosha kabisa kwa kazi hii. Hapa volti 48 ziwashwe, sauti ya hedfoni iwe imeshushwa kwanza.

Sauti ikitoka kali mno, vuta piano nusu mita kutoka ukutani, weka maiki nyuma, sentimita 30 kutoka kwenye ubao wa sauti, ukikwepa nguzo za mbao. Inakuwa ya joto zaidi na kelele za nyundo zinapungua, ila noti za juu zinafifia kidogo. Mimi huanza mbele na kwenda nyuma chumba kikiwa kibaya.

Baada ya kurekodi dakika moja, igeuze kuwa mono na usikilize. Kama besi imetoweka, maiki zako zinapingana; sogeza moja kwa sentimita kumi, rudia.

Na vigae hivyo: piga kofi moja katikati ya sebule. Ukisikia mlio kama wa zipu, hiyo itakuwa kwenye kila noti fupi. Zulia au mikeka miwili mitatu chini, mapazia mazito dirishani, godoro limesimamishwa kwenye ukuta ulio mkabala na piano.

Saa_ya_Nane_Usiku

Nitetee simu, kwa masharti. Tatizo lake kubwa siyo ubora wa maiki, ni ile tabia ya kujirekebisha yenyewe: ukipiga laini inajipandisha, ukipiga kwa nguvu inajibana. Shikilia akodi ndefu ya mwisho usikilize baadaye, utasikia feni na barabara vinapanda huku piano inazama. Tafuta programu ya kurekodi inayokuruhusu kuzima marekebisho hayo na kuchagua WAV. Simu ikae mita moja na nusu hadi mbili, kwenye stendi, isiwekwe juu ya piano, inabeba mtetemo wa mbao.

Hatua ya kati kati ya simu na maiki za BiNyundo ni kinasa cha mkononi kama Zoom H1n. Maiki zake mbili zimeshakaa kwa pembe ya nyuzi 90, na ukikiunganisha kwa USB kinakuwa maiki ya kompyuta. Kichujio chake cha kukata masafa ya chini kizime. Besi ya piano inashuka hadi Hz 27.5.

FundiNyaya

Kwa mtihani sasa, maana jibu lake si lile la YouTube. Performance Grades, zilizoanza 2020, zinataka vipande vinne vipigwe mfululizo kwenye rekodi moja, bila kusimamisha kamera wala kukata. Kwa hiyo MIDI ya kutengenezwa baadaye iweke kando. Sauti na picha ziingie kwenye faili moja wakati huohuo.

Kwa laptop tumia OBS Studio, programu ya kurekodi video. Ongeza kamera, ongeza kadi ya sauti kama pembejeo, weka kHz 48. Zima vichujio vyote vya kupunguza kelele, vya OBS na vile vya Windows, kwa sababu vimetengenezwa kwa ajili ya mtu anayeongea na vitakula mkia wa kila noti. Piga kofi mbele ya kamera: kamera za USB huchelewa, hivyo sauti itatangulia picha. Kwenye mipangilio ya juu ya sauti, icheleweshe kwa milisekunde kadhaa, jaribu 100 kisha pima tena kwa kofi, mpaka viganja na mlio vikutane.

Hesabu ya diski: WAV ya stereo, biti 24, kHz 48, inachukua takriban MB 17 kwa dakika.

Upepo_wa_Kusi

Nimeunganisha kwa kebo ya Y. Sauti ni safi lakini kuna mvumo wa chini, na juu yake kitu kama mbu. Niukate mvumo kwa ekwalaiza pale Hz 50?

FundiNyaya

Usikate. Sol ya chini kabisa ya piano iko Hz 49 na La inayoifuata iko 55. Kichujio cha kwenye 50 kitakuachia shimo katika besi yako.

Chomoa chaja ya laptop, tumia betri, sikiliza. Huyo mbu akiondoka, ni chaja inayopitia USB. Mvumo nao ukiondoka, chanzo ni kilekile. Ukibaki, hamisha adapta ya piano mbali na kebo ya Y, na kebo hiyo isilale sambamba na waya wa umeme. Kama lazima urekodi na chaja, weka kitenganishi chenye transfoma kati ya piano na kadi, chaneli mbili.

Mwl_Solfa

Ukifika YouTube, usiipandishe kwa limita (kibana vilele vya sauti) ili ilingane na nyimbo za bendi. YouTube inashusha kinachozidi LUFS −14 (kipimo cha ukubwa wa sauti kwa wastani) na hakipandishi kilicho chini yake. Piano ya peke yake ikikaa −20 na vilele vya −1 dB iko salama, na pianisimo yako inabaki pianisimo.

Upepo_wa_Kusi

Betri imeondoa vyote viwili. Mtihani nitapiga kwa P-45 na OBS. Piano ya wima inamsubiri fundi.