Kikundi cha Ukoo, Ngamiani: Stuli ya Bi Mkubwa

Salim: Asalaam alaikum nyote. Yale mabomba ya chuma ya nusu inchi tuliyong'oa tulipoingiza ya plastiki, nimeyakata. Namtengenezea Bi Mkubwa stuli ya kuweka kahawa na dawa zake.

Salim: [picha]

Shangazi: Waalaikum salaam. Mbona kama kichanja cha tanki?

Dada Zuhura: 😂😂 Wageni watatafuta koki wanawe mikono.

Salim: Chekeni tu. Mkono wa kiti chake una sentimita 58, stuli nimeipa 56, asinyanyue mkono kufuata kikombe. Juu nimeweka plaiwudi ya milimita 18, 45 kwa 45.

Dada Zuhura: Hapo umefikiria. Lile meza la sebuleni anainama hadi kiuno kinalia.

Salim: Shikamoo mjomba, najua unasoma. Nimekwama. Nina miguu pande mbili, kila upande kama U, elbo mbili chini, vile viungio vya kona. Kila mguu una tii, kiungio cha njia tatu, ya kupokea bomba la kuunganisha pande zote mbili. Bomba la nyuma limeingia vizuri. La mbele linanitoa jasho tangu asubuhi. Nikikaza kulia, kushoto kunafunguka.

Kaka Hamisi: Lazimisha na paipu renchi.

Mjomba: Marahaba. Hamisi nyamaza. Salim, thredi, yale meno ya kukazia, kila ncha inakaza kulia ukiitazama kutoka upande wake, ndiyo maana ukikaza moja nyingine inafunguka. La nyuma liliingia kwa sababu ulizungusha U nzima. Sasa U zote zimeshashikwa, utazungusha nini? Hata ukilala nayo hapo mpaka Idi haliingii.

Salim: Sasa nifanyeje?

Mjomba: Likate katikati, peleka ncha zikakatwe thredi, weka yunioni, kile kiungio cha vipande viwili kinachofungwa kwa nati. Kila kipande kinaingia kwenye tii yake kivyake, halafu unakaza nati ya yunioni. Kwenye nyumba tunafanya hivyo hivyo, bomba likitoboka katikati ya ukuta huwezi kufungua nyumba nzima.

Kaka Hamisi: Si achomelee tu, dakika kumi kazi imekwisha?

Mjomba: Hayo mabomba yana zinki juu. Ukiyachomelea yanatoa moshi mweupe, jioni una homa na baridi ya mifupa kama malaria. Miye yamenikuta. Wenzangu wakaninywesha maziwa, hayakunisaidia kitu.

Shangazi: Ndiyo ile siku shemeji ulitetemeka ukasema umerogwa? 😂

Mjomba: Tuzungumzie stuli.

*Kesho yake*

Salim: Yunioni imeingia!! Mjomba Mungu akuweke.

Salim: [picha]

Mjomba: Hizo nyeupe kwenye thredi ni nini?

Salim: Tepu ya fundi bomba, ya kuzuia maji yasivuje.

Mjomba: Mnapitisha maji mezani?

Dada Zuhura: 😂😂😂 Nimecheka hapa Dar mpaka bosi kageuka.

Shangazi: Jamani miye nina kesi. Nimepitisha kanga juu ya hiyo stuli kupangusa, imenasa. Kutazama, ncha za skrubu zimetokeza! Tena kanga mpya.

Salim: Zilikuwa za inchi moja shangazi. Ndizo nilizokuwa nazo.

Mjomba: Piga hesabu. Inchi ni kama milimita 25, flenji, kile kisahani kinachofunga mguu kwenye ubao, imekula kama 4, ubao 18. Lazima zichungulie. Tia za robo tatu inchi. Vitobo vya juu changanya unga wa mbao na gundi ya mbao, ziba, ikikauka piga msasa.

Shangazi: Na kanga yangu itazibwa na nini?

Salim: Nitakununulia shangazi. Na nyingine, inacheza. Mguu mmoja wa nyuma haugusi sakafu.

Mjomba: Legeza yunioni. Isimamishe pale kwenye tailizi, Hamisi akae juu, maana ndiyo kazi anayoiweza. Halafu kaza hivyo hivyo ikiwa imesimama.

Kaka Hamisi: Nimekaa. Imetulia. Mimi pia nimetulia.

Mjomba: Vanishi ipige juu na chini, Salim. Ukipaka juu tu, chini inavuta unyevu na ubao unapinda. Kingo zipe mikono mitatu, plaiwudi huanza kuachana pale kwenye matabaka. Na zile thredi zinazoonekana zipake rangi. Dai, ile mashine ya kukata thredi, ilipopita imekwangua zinki yote, na kwa hewa yetu ya bahari kutu itaanzia hapo hapo.

Dada Zuhura: Mbona usipake bomba zima jeusi? Ndivyo zinavyouzwa huku, bei zake sasa!

Mjomba: Rangi ya kawaida kwenye zinki inabambuka kama ngozi ya nyoka. Kwanza msasa mwepesi, aoshe kwa sabuni, apate praima ya mabati. Akiwa na haraka aache kijivu chake.

Salim: Naacha kijivu. Hela ya praima inaenda kwenye kanga.

Shangazi: Umefanya la maana.

*Ijumaa baada ya swala*

Shangazi: [picha] Mwenyewe huyo. Birika, kikombe, kashata, dawa ya presha, redio. Vyote vimeenea.

Dada Zuhura: Mashaallah! Anasemaje?

Shangazi: Kauliza maji yanatokea wapi.

Dada Zuhura: 😂😂😂 Si niliwaambia!

Mjomba: Imetulia. Ila yunioni ungeiweka bomba la nyuma, ikaelekea ukutani isionekane.

Shangazi: Iacheni hapo hapo shemeji. Bi Mkubwa keshachomeka kipepeo chake cha kujipepea juu ya hiyo nati, anasema umeme ukikatika anakipata hata gizani.