Naomba ushauri: nyaraka zetu za mirathi zimetoka ofisi ya wakili

Habari zenu ndugu zangu. Naombeni msaada, hasa wanasheria mliomo humu.

Baba yetu alifariki mwaka jana. Mimi ndiye msimamizi wa mirathi, na tuliweka wakili hapa Dar. Nilimkabidhi kila kitu: namba za NIDA za ndugu wote, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wadogo, hati ya kiwanja, taarifa za benki za marehemu, mpaka vipimo vyake vya hospitali. Wiki iliyopita dalali mmoja alinipigia simu akitaka kununua kiwanja, na alinitumia WhatsApp picha ya hati ileile, yenye mhuri wa ofisi ya wakili. Mama amelia sana. Siyo suala la kiwanja tu, ni magonjwa ya mumewe, ni watoto.

Nilipouliza ofisini, karani akanijibu kwamba nyaraka zao hutumwa kwa WhatsApp "kurahisisha kazi".

Ninavyofahamu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na anayekusanya taarifa anatakiwa asajiliwe kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na azilinde. Isitoshe, wakili ana wajibu wa kutunza siri za mteja.

Je, nianze kwa barua ya kudai maelezo na mafaili yangu, au niende moja kwa moja Tume? Kamati ya Mawakili nayo inapokea malalamiko ya namna hii? Nikibadilisha wakili sasa, shauri la mirathi litakwama?